Wanataka kupiga picha vitambulisho vya wageni getini. Nimekataa kufunga mtambo. Nimewakosea jirani zangu?

Fundi_wa_Tudor

Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni mhandisi wa mitandao. Kazi yangu ya kila siku ni faiba: kuvuta nyaya, kuziunga zikikatwa na wachimba mitaro, kufunga vifaa majumbani na maofisini. Niliianza mwaka 2009, mwaka zilipofika hapa Mombasa nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM, na sijaiacha tangu hapo. Nakaa Tudor, jengo la orofa sita, nyumba 24. Kuna jambo linaninyima usingizi.

Ramadhani iliyopita, watu wakiwa tarawehe, mitungi miwili ya gesi iliibwa kwenye veranda ya chini. Kamati ya jengo ikakaa, ikamleta muuzaji wa mtambo wa getini. Ni kompyuta kibao yenye kamera. Mgeni akifika anatoa kitambulisho, kinapigwa picha mbele na nyuma, kisha anapigwa picha ya uso, kisha anaandika namba ya simu na nyumba anayokwenda. Kwa kuwa hapa jengoni mimi ndiye mtu wa mitambo, nikaombwa nivute waya hadi kibanda cha askari na niufunge.

Nikamwuliza muuzaji maswali matatu. Picha zinakaa wapi? Akasema kwenye seva za kampuni, nje ya nchi. Nchi gani? Atauliza. Nani anaweza kuzifungua? "Wahusika." Zinafutwa lini? Hapo akanishangaa. Akasema hazifutwi, na hiyo ndiyo faida yake, hata baada ya miaka mitano mtu unampata.

Sikuvuta waya. Nikaomba kwanza nilione daftari tunalotumia sasa, lile jeusi lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Safu zake: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, simu, unakwenda kwa nani, saa, sahihi. Orofa ya kwanza yupo muuguzi mstaafu mwenye kliniki ndogo, na kina mama wengi humwendea. Kwenye kurasa zile nikakuta jina kamili la mwanamke ninayemjua kwa sura, simu yake, na jina la muuguzi, Jumanne tatu mfululizo. Sikuwa namtafuta. Nililifunga daftari, lakini nilikuwa nimeshajua. Na kila mgeni aliyeinama kuandika chini ya mstari ule, naye amejua.

Nimewaambia kamati kwamba mtambo huu sitaufunga, na daftari lenyewe pia libadilishwe. Mwenyekiti, mzee ninayemheshimu kama babangu, akaniambia mbele ya watu kwamba nawajali wageni kuliko majirani. Maneno hayo yameniuma. Nambieni ukweli, nimekosea?

---

Soja_Miaka11

Fundi, salamu. Mimi ni soja, miaka 11 getini, Nyali, Kizingo na sasa Ganjoni. Wacha niseme upande wetu maana hatuulizwi.

Kitu kikiibwa, wa kwanza kuitwa ni mimi. Naulizwa daftari liko wapi. Mstari mmoja ukikosekana, nakatwa mshahara. Kwa hivyo nikikwambia "andika namba ya kitambulisho", usifikiri napenda kujua mambo yako. Najikinga mimi na watoto wangu.

Lakini nitasema pia lingine. Tuliibiwa pikipiki mwaka juzi. Polisi walikuja, wakafungua daftari, wakapiga ile namba iliyoandikwa. Ikapokelewa na mama mmoja Voi ambaye hajafika Mombasa mwaka mzima. Jina la uongo, namba ya uongo. Mwizi haandiki jina lake. Anayeandika la kweli ni fundi wa mabomba, mpwa wa mwenye nyumba, msichana wa kufua.

Pikipiki ilipatikana kwa sababu mimi nilikumbuka kwamba yule kijana alisema anakwenda nyumba namba 9, na namba 9 walikuwa wamesafiri. Ningepiga simu juu kabla ya kufungua geti, asingeingia. Hilo ndilo kosa langu na nililikubali.

---

Binti_Kisauni

Fundi, hujakosea hata kidogo, na nitakwambia kwa nini.

Nauza vipodozi, nawapelekea wateja majumbani. Kwa siku naingia mageti sita au saba, na kote naandika simu yangu. Mwaka jana niliandika kwenye jumba moja, sitalitaja. Kabla sijafika kituo cha matatu, namba nisiyoijua ikanitumia meseji ikiniita kwa majina yangu yote matatu. "Umependeza na hilo buibui la kijani." Nilisimama palepale kando ya barabara, miguu haina nguvu. Nikaifungia namba. Akaja kwa nyingine, na nyingine, wiki tatu. Mwisho akanitajia ninakotoka, lokesheni kabisa. Nikajua huyu amekiona kitambulisho changu upande wa nyuma, maana siku ile niliambiwa nikiache getini mpaka nitoke.

Nilibadilisha laini. Namba niliyokuwa nayo tangu shule, wateja wote wanaijua, nikaitupa. Hakuna aliyenilipa hasara ile.

---

Mzee_wa_Bandarini

Mnalikuza jambo dogo. Kampuni ya simu ina picha yangu na kitambulisho changu. Benki inavyo. Bima inavyo. Serikali ndiyo iliyonipa. Sasa geti la Tudor likiwa nacho kimeongezeka nini? Mtu asiye na baya haogopi kujulikana. Mimi mitungi yangu ikiibwa nataka sura ya mwizi, basi.

---

Fundi_wa_Tudor

Binti, pole sana. Soja, nashukuru, na nitarudi kwako.

Mzee wangu, shikamoo. Nimelisoma neno lako mara mbili kabla ya kujibu.

Nyumba ya bibi yangu iko Mji wa Kale. Nje ina baraza, mtu yeyote anakaa, anapewa kahawa, anapumzika. Ukivuka mlango huoni ndani. Unakuta kipito, kisha kona, ndipo nyumba inaanza. Waliojenga vile hawakuwa na maovu ya kuficha. Bibi alikuwa akisali, akipika, akisuka ukili. Na mgeni alipiga hodi mara tatu, asipojibiwa akaenda zake bila kinyongo. Hiyo tuliita stara. Sisi watu wa pwani tulijua muda mrefu kabla ya kompyuta kwamba mtu mwema naye ana haki ya kutotazamwa. Neno lako, "asiye na baya haogopi", bibi yangu asingelielewa.

Kuhusu kampuni ya simu na benki, ni kweli wanavyo. Lakini wao wana sheria inayowalazimisha kukitaka, wana leseni ya kunyang'anywa, na ukidhulumiwa unajua mlango wa kugonga. Kibao cha getini kitakuwa na nini? Mimi nimefungua vifaa vingi vya namna hii kwenye kazi. Mara nyingi nakuta neno la siri ni lilelile la kiwandani, 1234 au "admin", na kila aliyewahi kufanya kazi pale bado analo. Askari anahama, muuzaji anafunga biashara, kibao kinapelekwa kwa fundi wa simu na picha zote zimo ndani. Sikisii, vimeshapita mikononi mwangu.

Na fikiria picha ya kitambulisho mbele na nyuma ina nini: majina kamili, namba, tarehe ya kuzaliwa, wilaya, lokesheni, sahihi. Anayetaka kuiba laini yako ya simu huanza na vitu vya aina hiyo, ajifanye wewe. Akishaipata laini, meseji za kuthibitisha za benki na za M-Pesa zinamfikia yeye. Kwa hiyo tunakusanya funguo za nyumba za watu mia tano ili tulinde mitungi miwili ya gesi. Nimesema kwa uchungu, nisamehe, lakini ndivyo ninavyoliona kila nikilala.

Halafu lile la kliniki. Neno la siri likivuja nalibadilisha. Yule mama akijulikana Jumanne alikuwa wapi, atabadilisha nini?

Hata serikali ilizuiwa kukusanya kila inachotaka. Katika kesi ya Huduma Namba, ule mpango wa serikali wa kumsajili kila mtu na kumpa namba moja, Januari 2020, Mahakama Kuu ilikataza kuchukua DNA na vipimo vya GPS vya makazi ya watu. Kama dola nzima inaambiwa chukua unachohitaji tu, kamati ya nyumba 24 ni nani?

---

Wakili_Pwani

Naongeza ya kisheria, kwa ufupi.

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha, na inataja waziwazi kwamba habari za mtu za kifamilia au za binafsi zisitakwe bila ulazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 25, inasema data iwe ya kutosha, inayohusika, na isizidi kile kinachohitajika kwa shughuli iliyokusudiwa. Kifungu cha 29 kinakutaka umwambie mtu, kabla hujachukua, unachukua nini na kwa nini. Kuipeleka data nje ya nchi kuna masharti yake. Muuzaji asiyejua seva ziko nchi gani hawezi kuyatimiza. Data za afya na za kibayometria (za mwili wa mtu, kama alama za vidole) ni nyeti, zina ulinzi wa juu zaidi, kwa hivyo hilo la kliniki Fundi amelishika penyewe.

Kitu ambacho kamati nyingi hazijui: kanuni za usajili za 2021 zinaziachia biashara ndogo, zenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, zisijisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lakini usimamizi wa majumba umo kwenye orodha ya wasioachiwa hata wakiwa wadogo, na uendeshaji wa kamera za usalama pia. Mwambie mwenyekiti wako alisome hilo kabla ya kutia sahihi.

Na faini zipo. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Hizo zilikuwa picha tu, hazikuwa vitambulisho.

Binti, wewe ulikuwa na haki ya kulalamika kwa Kamishna. Hulipi chochote, na sheria inataka malalamiko yamalizwe ndani ya siku 90. Ukitaka nikusaidie kuandika, nitumie ujumbe wa faragha.

---

Mzee_wa_Bandarini

Fundi, marahaba. La bibi yako nimelikubali, mimi mwenyewe nimezaliwa Kuze, hukohuko Mji wa Kale. Lakini hujaniambia mitungi yangu italindwaje. Ukikataa kitu lete kingine.

---

Fundi_wa_Tudor

Haki yako, mzee. Hii ndiyo ninayoipeleka kwenye mkutano wa Jumapili baada ya Alasiri, na sehemu kubwa nimeichukua kwa Soja hapo juu.

Askari apewe simu ya jengo yenye namba za nyumba 24 tu. Mgeni akifika, askari anapiga juu. Nyumba ikisema ndiyo, geti linafunguliwa. Isipojibu, mgeni anasubiri kwenye benchi, na benchi nitalinunua mimi. Hilo peke yake lingemzuia yule wa pikipiki.

Daftari linabaki na safu tatu: saa, namba ya nyumba iliyokubali, namba ya gari kama lipo. Anayewajibika ni nyumba iliyosema ndiyo, maana ndiyo inayomjua mgeni wake. Kliniki tutaipa namba kama nyumba nyingine yoyote, neno kliniki lisiandikwe. Kitambulisho kinaonyeshwa kwa fundi au mpeleka mizigo asiyejulikana, kisha anarudishiwa palepale. Kurasa zinachanwa na kuchomwa kila baada ya siku 30, mbele ya mtu wa kamati. Daftari la zamani tulichome lote.

Kamera moja itazame veranda ya mitungi, moja geti, na isiwepo ya kutazama mlango wa mtu. Zitarekodi kwenye kisanduku kilichofungwa kwa kufuli ndani ya chumba cha mita, hakitaunganishwa na intaneti, na kitajifuta chenyewe baada ya siku 14. Ubao uandikwe kwa Kiswahili ukutani: kuna kamera, za nini, umwone nani ukiwa na swali. Kazi ya kufunga nitafanya bure. Na mitungi ifungwe kwa mnyororo, nimeshauliza bei Mwembe Tayari, haifiki hata sehemu ndogo ya ada ya mwezi ya mtambo ule.

Wakili, naomba uniandikie yale ya kanuni za 2021 kwenye ukurasa mmoja nimpelekee mwenyekiti nyumbani kwake kabla ya mkutano. Sitaki kumsomea sheria mbele ya watu. Nitampelekea na tende, tukae tuzungumze.

Soja, nina swali moja limenikwama. Mgeni akija kwa nyumba isiyopokea simu na akasema ni mgonjwa, anamtafuta muuguzi, wewe ungefanya nini?

---

Soja_Miaka11

Mgonjwa simwachi nje. Ningemfungulia, nimkalishe kwenye hilo benchi lako, lakini uliweke ndani ya geti kivulini, si barabarani. Halafu ningepanda mwenyewe mpaka orofa ya kwanza nigonge mlango. Ila mpeni soja wa pili wa kushika geti, maana nikipanda juu hakuna anayebaki chini. Kwenye jengo lenu mna soja wangapi zamu ya mchana?

---

Fundi_wa_Tudor

Mmoja tu. Hilo sikulifikiria. Naliongeza kwenye karatasi sasa hivi, pamoja na benchi kuwa ndani.