Branco Sai, Preto Fica: mbona hakuna mtu anayekimbizwa?

Mleta mada:
Wakuu habari za jioni. Jana nimeangalia muvi ya Brazili, Branco Sai, Preto Fica (2014, kaongoza Adirley Queirós), nikitegemea mambo ya ile muvi ya magenge ya Cidade de Deus, mtaa wa Rio, bunduki na kukimbizana vichochoroni, nakuta jamaa wa wilichea kajichimbia ndani anapiga mziki na kuongea kwenye maiki. Mwingine katoka miaka ijayo na usafiri wake ni kontena! Na kuingia Brasília, mji mkuu wao, mpaka uwe na paspoti wakati ni nchi yao wenyewe. Ubaguzi wanaosema muvi inauonyesha uko wapi hapo? Anayeielewa anisaidie.

sabtaito_tu:
Mkuu hiyo sio ya kuangalia huku unachati. Jina lenyewe ndo jibu, "mweupe toka, mweusi baki". 1986 polisi walivamia disko la Quarentão kule Ceilândia, mji wa pembeni ya Brasília, wakatenga watu kwa rangi, waliobakizwa ndo wakaipata. Yule wa wilichea, Marquim, ulemavu wake wa kweli, kaupata usiku ule, na mwenzake alipoteza mguu. Rudia dakika za mwanzo umsikilize: anaanza na stepu za kudansi, biti inagonga, mara sauti yake inageuka inakuwa ya polisi. Hawajaigiza lile tukio, ni picha za zamani na mdomo wake tu, na mimi pale nilishikwa na baridi kuliko risasi zote za Cidade de Deus.

mpenda_picha:
Naongezea hapo kwa paspoti maana ndo penyewe. Brasília ilizinduliwa 1960, vibarua walioijenga na familia zao wakawa wanakaa kwenye vibanda, kufika 1971 serikali ikawazoa ikaenda kuwamwaga zaidi ya kilomita 20 huko nje. Hiyo kazi iliitwa kampeni ya kutokomeza uvamizi, kifupi chake kwa Kireno CEI, wakabandika "lândia" mwishoni mwake ndo likawa jina la mji mpaka leo, Ceilândia. Yaani mtu akikuuliza kwenu wapi unamtajia bomoabomoa iliyokufukuza. Sasa hiyo paspoti we unaiona utani?

kijiweni:
Mi bado naona inachosha, mnisamehe. Halafu Cidade de Deus msiionee, na penyewe palianza hivyohivyo, miaka ya 60 watu walitolewa favela (mitaa ya mabanda) za Rio wakapelekwa huko, sema muvi inapapita mbio inawahi bunduki zake. Anayetaka kitu cha kueleweka atafute Que Horas Ela Volta? (2015, Anna Muylaert). Binti wa dada wa kazi anaingia kwenye bwawa la kuogelea la mabosi, mama mwenye nyumba anaagiza maji yatolewe yote eti kaona panya. Panya jamani!

Mleta mada:
Duh. Kumbe na ule mwisho, Brasília inalipuliwa kwa michoro ya penseli, nilidhani hela ya muvi imewaishia. Naanza upya leo usiku, bando lipo.