Asilimia 99 kwa dakika 40: nimedhalilishwa mbele ya terminali yangu mwenyewe

Wanajamvi,

Namsema yule meneja wa vifurushi, programu inayovuta na kusakinisha programu nyingine ukiiandikia amri kwenye terminali. Sitamtaja jina, kwa sababu kila aliyewahi kusakinisha programu kwa kuandika amri anamjua, na wengi wenu amewakeshesha. Jana usiku nilimwagiza kitu kimoja kidogo, naye akaamua kuniletea vifurushi 113, yaani programu hiyo na nyingine zote inazozitegemea, ukoo mzima na mashemeji. Nilivumilia. Asilimia zikapanda mbio hadi 99, kisha akasimama hapo dakika 40, bila kuonesha kasi wala ukubwa uliobaki, huku simu niliyokuwa nikivutia intaneti ikichemka kiasi cha kukaanga yai. Asilimia 99! Kifurushi changu cha intaneti kikaisha kabla ya vifurushi vyake, na nilipoweka vocha nyingine akaanzia sifuri kana kwamba hatujawahi kuonana. Hata kondakta anayeapa kwamba amebaki mmoja tu tuondoke huwa ana haya kuliko huyu.

fundi_wa_seva: Mkuu, hukudanganywa. Alikuwa akihesabu mafaili, moja kwa kila kifurushi, badala ya baiti, yaani ukubwa wake, na 112 kati ya 113 ni kama asilimia 99. Hilo moja lililobaki ndilo lililokuwa kubwa kuliko mengine yote.

Mwenye uzi: Sikuomba somo la hesabu. Nimesema asilimia 99, dakika 40.

bando_la_saa: Anayebeba ukoo mzima kwa vocha ya kupimia asilie na vocha yake.

mama_kompaila: Heri yako uliyeoneshwa namba, maana wangu hunyamaza mpaka nidhani umeme umekatika. Halafu msisahau kwamba mwaka 2016 watumiaji wa npm, meneja wa vifurushi vya JavaScript, waligundua kuwa wakiuzima mstari wa maendeleo, ule unaoonesha kazi imefika wapi, usakinishaji unakwisha upesi zaidi. Kumbe kuuchora tu kulikuwa kunakula muda.

fundi_wa_seva: Mimi kinachoniudhi ni seva isiyotaja ukubwa wa faili tangu mwanzo, kwa sababu hapo hakuna asilimia ya kukokotoa, unabaki kutazama kijiti kinachozunguka.

Mwenye uzi: Asilimia 99, jamani.

kijana_wa_arch: Kwenye pacman, meneja wa vifurushi wa mfumo wa Arch Linux, ukiandika ILoveCandy katika faili la mipangilio, mstari unageuka mdomo unaokula peremende. Hauongezi kasi hata kidogo, ila hasira zinapungua.

mama_kompaila: Neno hilo linaandikwa sehemu gani ya faili, mwanangu?

kijana_wa_arch: Chini ya [options], mama, kwenye mstari wake peke yake.