Ushirikiano wa shule mbili: demokrasia na utamaduni vinafundishwaje bila kuishia kwenye mavazi na bendera?

Mlezi_wa_Klabu aliuliza:

Wadau, habari za kazi. Shule mbili za nchi tofauti zimekubaliana kushirikiana muhula mmoja, wiki 12, bila safari. Kila kitu kitafanyika kwa intaneti. Upande mmoja una wanafunzi 18, mwingine 12, wote wa miaka 14 hadi 16. Lengo ni demokrasia na utofauti wa tamaduni. Rasimu ya ratiba ina mada ya mwalimu kila wiki, kisha wiki ya mwisho kila shule inaonyesha nyimbo, mavazi na bendera yake. Naona kuna kitu hakijakaa sawa, ila sijui pa kushika. Kazi ya namna hii hupangwaje?

Karatasi_ya_Kura alijibu:

Mwalimu, pa kushika ni hapa: katika ratiba hiyo, wanafunzi wanaamua nini? Sioni kitu. Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart aliichorea UNICEF ngazi ya ushiriki wa watoto yenye hatua 8, na tatu za chini hakuzihesabu kuwa ushiriki hata kidogo: kutumiwa, kuwekwa pambo, na kushirikishwa kwa jina tu. Onyesho la bendera lililopangwa na walimu linaangukia humo.

Kabla ya kikao cha kwanza, walimu wa pande zote mbili waandike ukurasa mmoja wenye safu mbili. Safu ya kwanza: mambo ambayo neno la wanafunzi ni la mwisho, kwa mfano mradi wa pamoja uwe upi, kazi zigawanywe vipi, nani aongoze vikao. Safu ya pili: mambo yasiyopigiwa kura, kama usalama, taarifa binafsi na tarehe za mitihani. Wanafunzi wausome siku ya kwanza. Kinachoua miradi hii kuliko yote ni mwalimu kutengua uamuzi baada ya kura. Kikifanyika mara moja tu, hoja zinazofuata haziletwi kwa moyo. Kama kuna mpaka, utajwe kabla.

Halafu wafundishe kwamba kanuni ya kuhesabu nayo ni uamuzi. Chukua mapendekezo matatu ya mradi, filamu fupi, jarida na maonyesho ya picha, na kila mmoja ayapange kwa upendeleo, 1 hadi 3. Tuseme kura 30 zimetoka hivi:

12: filamu, maonyesho, jarida
10: jarida, maonyesho, filamu
8: maonyesho, jarida, filamu

Ukihesabu chaguo la kwanza pekee, filamu inashinda kwa kura 12, ingawa wanafunzi 18 wameiweka mwisho. Ukifanya duru ya pili, maonyesho yenye kura chache zaidi yanaondolewa, kura zake 8 zinahamia kwenye jarida, nalo linashinda 18 kwa 12. Ukitoa alama 2 kwa chaguo la kwanza, 1 kwa la pili na 0 kwa la tatu, maonyesho yanapata 38, jarida 28, filamu 24. Karatasi ni zilezile, washindi watatu! Waache wazihesabu wenyewe ubaoni, kila shule upande wake, wapate mshangao huo wenyewe. Baada ya hapo wachague kanuni watakayotumia kwenye kura yao halisi, na waichague kabla sanduku halijafunguliwa. Ikichaguliwa baada ya matokeo kujulikana, kila mtu atatetea ile inayompa ushindi.

Meza_Moja alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia. Niongezee upande wa utamaduni.

Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba makundi yakikutana, chuki hupungua pale yanapokuwa na hadhi sawa, lengo la pamoja, ushirikiano badala ya mashindano, na mamlaka inayounga mkono. Wiki ya mavazi haina lengo la pamoja, na haichelewi kugeuka mashindano ya nani kapendeza. Zaidi ya hapo, inamfundisha mtoto kwamba nchi nzima ni kitu kimoja.

Anzia kwenye tofauti zilizo ndani ya kila darasa. Wape wote maswali sita yaleyale, wajibu kwa maandishi bila jina, kwa mfano: nani nyumbani huamua kuhusu simu? Ukikosana na rafiki, nani husuluhisha? Ni kazi gani ya nyumbani hupewi wewe kwa sababu ya umri au jinsia? Changanya majibu yote 30, ondoa chochote kinachotaja mahali, kisha vikundi vijaribu kukisia jibu lipi limetoka shule ipi. Yale waliyokosea ndiyo somo lenyewe. Muulize kila kikundi: ni neno gani katika jibu hili lililowafanya mwelekee upande ule?

Weka sharti moja la kusema: sentensi ianze na "nyumbani kwetu" au "mimi nimeona", isianze na "watu wa nchi yetu". Wala usimsimamishe mwanafunzi mmoja aisemee dini yake au kabila lake lote. Huo ni mzigo asiouomba, na wenzake wa imani hiyohiyo watanyamaza hata kama hawakubaliani naye.

Kwa tathmini, Baraza la Ulaya, shirika la nchi za Ulaya la haki za binadamu na demokrasia, lilitoa mwaka 2018 mfumo wa umahiri wa utamaduni wa kidemokrasia, vipengele 20 katika mafungu manne: maadili, mitazamo, stadi, na maarifa pamoja na uelewa wa kina. Chagua viwili au vitatu, mathalani kusikiliza na kusuluhisha migogoro. Ukivibeba vyote 20 hutapima hata kimoja.

Fundi_Ratiba alijibu:

Mambo madogo yanayoangusha vikao:

Idadi yenu inagawanyika vizuri: vikundi 6 vya watu 5, watatu kutoka shule kubwa na wawili kutoka ndogo. Usimweke mmoja peke yake, atakaa kimya.

Andikeni muda kwa mfumo wa saa 24 pamoja na GMT. Nchi nyingine hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, nyingine hazibadilishi kabisa, kwa hiyo kikao kilichokaa sawa wiki ya 3 kinaweza kupishana wiki ya 8.

Dakika 40 zinatosha. Hoja zitumwe siku mbili kabla, na kila mjadala utanguliwe na dakika 3 za kuandika kimyakimya. Bila hizo, wanaoijua lugha ya kikao vizuri watamaliza mjadala kabla wengine hawajapanga sentensi.

Ridhaa ya wazazi kwa picha na sauti ipatikane kabla ya wiki ya 1, iseme picha zitawekwa wapi na zitafutwa lini.

Mlezi_wa_Klabu:

Asanteni sana, walimu wenzangu. Lakini 18 si watawashinda 12 kila mara?

Karatasi_ya_Kura alijibu:

Kama shule zitapiga kura kwa kambi, ndiyo. Dawa yake ni wingi maradufu: hoja ipite tu ikipata angalau kura 10 kati ya 18 na pia 7 kati ya 12. Uswisi hubadilisha katiba yake hivyo, kwa wingi wa wapiga kura na wingi wa kantoni, yaani majimbo yake.

Ila ina gharama, na wanafunzi waione: watu 6 wa shule ndogo wanaweza kuzuia kinachotakiwa na wengine wote 24. Kwa hiyo itumieni kwa mambo yanayozigusa shule zote kwa uzito, kama mradi na kanuni za vikao. Rangi ya jalada iamuliwe kwa wingi wa kawaida. Hoja ikikwama, iende kwa kamati ya wawili kutoka kila shule, irudi baada ya wiki moja ikiwa na rekebisho. Ikikwama tena, iondolewe, na sababu ziandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwa maneno ya pande zote mbili.