Kusimba diski nzima kwenye Debian 12: i3 ya zamani itahimili?

mshumaa_wa_nta
Habari wakuu. Laptopu ni i3 kizazi cha 2, RAM GB 4. Natoa HDD ya GB 500, naweka SSD mpya ya GB 240, kisha Debian 12 (mfumo wa Linux) na LUKS (njia ya Linux ya kusimba, yaani kufanya data isisomeke bila nywila) diski nzima. Je, itakuwa nzito? Betri imekufa na umeme unakatika ovyo: ukikatika ghafla, diski iliyosimbwa si itaharibika yote? Na nikisahau nywila kuna pa kupitia?

kiini_cha_mbegu
Nywila ikisahaulika hakuna pa kupitia, mkuu. Ndiyo maana ya kusimba.

Kuhusu uzito: i3 za kizazi cha 2 hazina maagizo ya AES (kanuni ya usimbaji inayotumiwa na LUKS) ndani ya prosesa, ingawa i5 na i7 nyingi za wakati huo zinayo. Hakikisha kwa

`grep -m1 -ow aes /proc/cpuinfo`

Isipotoa kitu, huna. Endesha `cryptsetup benchmark` (inapima kasi ya kusimba), tazama mstari wa aes-xts wa 512b. Prosesa isiyo na AES hutoa kama MiB 100 hadi 200 na kitu kwa sekunde, wakati SSD ya SATA yenyewe hufika kama MB 500. Utapoteza kasi ukinakili mafaili makubwa, lakini kuwaka na kufungua programu bado kutaishinda HDD yako mbali sana, kwa sababu HDD inachelewa kutafuta vipande vidogovidogo na SSD haina shida hiyo.

Kwenye kusakinisha, chagua njia ya kuongozwa: diski nzima, LVM (mfumo wa kugawa diski) iliyosimbwa. Itaanza kujaza diski data za nasibu. SSD ikiwa mpya kabisa unaweza kukatisha hatua hiyo, ikiwa ya mtumba iache imalize. Swopu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) itakayotengenezwa ni ya GB 1 tu, hivyo kulaza mashine kwa kuandika RAM kwenye diski hakutawezekana. Ukiitaka huduma hiyo, gawa kwa mkono na uipe swopu GB 4 au zaidi ndani ya LVM ileile. `/boot`, yenye mafaili ya kuwasha mfumo, inabaki wazi, haisimbwi.

dau_la_mwangwi
Kwa mashine dhaifu hivyo, si asimbe `/home` (mafaili yake binafsi) peke yake? Yaliyobaki ni programu tu.

kiini_cha_mbegu
Si programu tu. Faili uliyoifungua inaweza kuandikwa kwenye swopu, vipande vyake vikabaki `/tmp` na `/var`. Nywila ya Wi-Fi yenyewe iko `/etc/NetworkManager`. Ukifunga chumba cha kulala ukaacha stoo wazi, mwizi anaanzia stoo.

fundi_sakiti
Umeme: kila sekta inasimbwa peke yake, kwa hiyo ukikatika hasara ni ileile ya ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux) isiyosimbwa, yaani yale yaliyokuwa yanaandikwa dakika hiyo. Pa kuogopa ni kichwa cha LUKS, eneo dogo lenye funguo, mwanzoni mwa patishini (kipande cha diski kilichogawanywa). LUKS2 hutunza nakala mbili za maelezo yake, lakini eneo la funguo ni moja tu. Likiharibika, nywila sahihi haitakusaidia chochote. Tafuta patishini kwa `lsblk -f` (inaandikwa crypto_LUKS, bila UEFI, yaani mfumo mpya wa kuwasha mashine, mara nyingi ni sda5), kisha:

`sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sda5 --header-backup-file kichwa.img`

Faili ni ya MiB 16. Iweke kwenye fulashi. Ukiiacha ndani ya diski ileile ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya gari.

Ongeza nywila ya pili, ndefu, uiandike karatasini na kuihifadhi mbali na laptopu:

`sudo cryptsetup luksAddKey /dev/sda5`

Ijaribu papo hapo kwa `sudo cryptsetup open --test-passphrase /dev/sda5`. Epuka @, ", # na ~ kwenye nywila. Laptopu nyingi za mtumba zina kibodi ya Uingereza, na mpangilio ukisomwa kama wa Marekani wakati wa kuwaka, alama hizo zinahama. Unaandika sawasawa na inakataa, nawe huoni unachoandika.

Jambo watu wanalosahau: ile HDD uliyoitoa bado ina kila kitu wazi. Ukishahamisha mafaili, iunganishe, soma jina lake kwenye `lsblk` mara mbili, ndipo uifute kabisa (weka jina hilo badala ya sdX):

`sudo shred -v -n 1 /dev/sdX`

Kwa GB 500 ni kama saa moja na nusu hadi mbili. Kwa kebo ya USB 2.0, zaidi ya saa nne.

mshumaa_wa_nta
Shukrani sana wakuu. Nikibadilisha nywila baadaye, kichwa.img nakiacha tu?

fundi_sakiti
Hapana. Kichwa cha zamani bado kinafunguka kwa nywila ya zamani, na ufunguo mkuu wa diski haubadiliki unapobadili nywila. Aliye na fulashi hiyo, nywila ya zamani na diski yako anaingia. Chukua nakala mpya, ile ya zamani iharibu. Na ukiondoka nyumbani zima mashine kabisa. Ukifunika kifuniko tu ufunguo unabaki kwenye RAM.