Ushauri wa haraka: Desati ya stroberi ya matabaka haigandi, na shughuli ni Jumamosi

Binti Tegeta
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kabla sijachanganyikiwa. Wenye kejeli mpite pembeni, nina presha ya kutosha.

Nimepokea oda ya vikombe 80 vya desati kwa ajili ya sendofu. Ni ile ya baridi isiyoingia kwenye ovena: chini biskuti zilizosagwa na siagi, katikati wip krimu yenye maziwa mazito ya kopo, juu jeli nyekundu ya stroberi na kipande cha tunda kwa urembo. Niliichagua kwa sababu ovena sina, na kwa joto hili la kaskazi nani anataka keki?

Kinachonitesa ni jeli. Nimefanya vikombe vichache vya mfano, nikalaza kwenye friji usiku kucha, asubuhi nakuta uji. Ukiinamisha kikombe inatembea, inapenya kwenye krimu, matabaka yote yanakuwa kitu kimoja. Jelatini nimeweka, nikaongeza tena mara mbili, wapi! Swali: friji ndiyo mbovu au jelatini ni feki? Advansi nimeshachukua.

Kishoka
Wape soda na karanga. Watu wa sendofu wanakumbuka pilau tu.

Fundi Friji
Hapo ni friji, usihangaike na kitu kingine. Chukua noti, ibane kwenye mlango, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kugoma, raba imekufa na baridi yote inaishia jikoni. Ndani inatakiwa isizidi nyuzi 4 hivi. Kuna mama mmoja Kimara alinishikilia kwamba gesi imeisha, anataka nijaze. Nikamwambia mama, gesi ya friji haiishi kama ya mtungi wa kupikia, ikipungua ujue inavuja. Kumbe kijana wake anaamka usiku kula, mlango anauacha wazi. Alinilipa kuku wawili, mmoja akafa njiani. Nicheki faragha nikupe namba.

Mama Keki
Fundi, mwache kwanza. Bi dada, nieleze hatua kwa hatua. Jelatini ya unga inatakiwa uinyunyize kwenye maji ya BARIDI, uiache dakika tano inyonye ivimbe, halafu uipashe taratibu iyeyuke bila kuchemka. Ukiichemsha inapoteza nguvu. Kipimo cha kawaida ni gramu 7 kwa nusu lita ya juisi. Wewe uliifanyaje, na kwenye hiyo jeli umeweka matunda gani?

Binti Tegeta
Asante mama. Nilifuata hivyo hivyo, maji baridi, sikuchemsha. Matunda ni hayo hayo niliyosema, nimesaga na sukari nikachuja. Fundi, noti imegoma kutoka, kwa hiyo raba ni nzima.

Ustadh Kijana
Dada unauliza mgando, mimi naomba kuuliza kilichomo. Jelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na sehemu kubwa inayotengenezwa duniani ni ya nguruwe. Umeangalia pakiti imeandikwa nini? Hao wenye sendofu ni watu wa imani gani?

Binti Tegeta
Ustadh, nilipimiwa kwenye mfuko, pakiti sikuiona. Muuzaji alisema ni ya ng'ombe. Wenye shughuli ni Waislamu, lakini hawakuniuliza chochote kuhusu hilo na mimi sikutaka kuwatia wasiwasi. Tafadhali turudi kwenye mgando.

Ustadh Kijana
Hawakuuliza kwa sababu wamekuamini.

Mkulima Lushoto
Nimeona neno stroberi nikaingia mbio. Huku kwetu milimani, baridi ndiyo mwalimu wa tunda hili. Miche inataka udongo usiotuamisha maji, matandazo ya majani makavu ili tunda lisilale kwenye tope, na ulichume likiwa jekundu mpaka kwenye kikonyo kwa sababu likishachumwa haliongezi utamu, linalainika tu. Hayo mnayouziwa mjini yenye shingo nyeupe yamechumwa mabichi ili yahimili safari. Kwa hiyo hata kama jeli ikiganda, Binti Tegeta, itakuwa na ladha ya maji. Ulinunua kilo ngapi?

Mwalimu Mstaafu
Nyongeza kwa faida ya vijana. Stroberi hii kubwa tunayoila si ya kale kama mnavyodhani. Mwaka 1714 mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyeitwa Frézier, ambaye alikuwa Amerika Kusini akichunguza ngome za Wahispania, alirudi na miche ya stroberi ya Chile. Baadaye ikachanganyika bustanini na ile ya Amerika Kaskazini, ndipo likapatikana tunda hili la sasa. Na hizo punje mnazoziona kwa nje, kwa lugha ya mimea, ndizo matunda yenyewe.

Kishoka
Mwalimu shikamoo. Sasa Frézier anasema jeli igandeje?

Binti Tegeta
Mkulima, nilinunua kilo moja. Bei ilikuwa kali mno.

Mama Keki
Kilo moja kwa vikombe 80? Hebu tupige hesabu. Tabaka la jeli la mililita 50 tu mara 80 ni lita 4. Kilo moja ya stroberi ukiisaga ni kama lita moja, tena umesema umechuja, na mengine umetenga kwa urembo. Hizo lita tatu nyingine ni nini? Ukiniambia ni maji na rangi sitakulaumu, wengi wanafanya. Ila sema.

Nyumba Kumi
Nimekaa paleee.

Binti Tegeta
Jamani mbona mnanihoji kama polisi. Sawa. Stroberi ni kiasi, na nimeongezea nanasi. Nanasi bichi la Kiwangwa, tamu kama nini, nimelisaga pamoja na rangi kidogo ya chakula. Sikulitaja kwa sababu sikuona kama lina uhusiano, tunda ni tunda. Mteja analipa 2,500 kwa kikombe. Nikiweka stroberi tupu nitakula hasara. Juu kuna kipande halisi cha stroberi, harufu ni ya stroberi, na kusema kweli ladha ni nzuri kuliko ya stroberi peke yake. Hapo nimemwibia nani?

Mama Keki
Basi jibu umelipata mwenyewe. Friji yako nzima, na hata jelatini huenda haina kosa. Ni nanasi.

Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoitwa bromeleni, kazi yake ni kukatakata protini. Jelatini ni protini. Unavyozidi kuongeza jelatini ndivyo unavyozidi kulilisha nanasi. Ni kile kile kinachofanya ulimi uwashe ukila nanasi jingi. Papai bichi linafanya vivyo hivyo kwa kimeng'enya chake, ndiyo maana wapishi wa mishkaki wanalipaka kwenye nyama ngumu. Kiwi nayo imo kwenye mkumbo huo.

Moto unakiua kimeng'enya hicho. Chemsha nanasi lililosagwa dakika chache, lipoe, ndipo uchanganye. Nanasi la kopo halina shida kwa sababu limeshapita motoni. Stroberi haina tatizo hili, ungeitumia peke yake ingeganda siku ya kwanza.

Fundi Friji
Nilisema mimi friji haina neno.

Kishoka
Fundi!!! 😂😂

Bibi Harusi Mtarajiwa
Mimi nina sendofu yangu mwaka huu na nimesikia baridi mwilini. Dada, mtu ameagiza stroberi, amelipia stroberi, unampa nanasi lililopakwa rangi halafu unauliza umemwibia nani? Mwambie mteja. Sema "stroberi na nanasi", punguza bei, lala usingizi.

Binti Tegeta
Mpendwa, ukianza biashara utanielewa. Juisi ya embe ya kwenye shughuli huwa ni embe tupu? Pilau ya watu 300 nyama ni ile iliyoandikwa kwenye bajeti ya kamati? Menyu niliyotuma imeandikwa "desati ya stroberi", na stroberi imo. Vibandiko vya vikombe vimeshachapwa na pesa ya vibandiko hairudi.

Mdau Reading
Huku Uingereza tunda hili linajaa Juni na Julai, watu wanaenda kutazama tenisi Wimbledon na kibakuli cha stroberi na krimu ya maji, basi, hakuna jeli wala biskuti. Mama mkwe wangu Mwingereza ana bakuli lake la kioo la traifo, anapanga keki, jeli, kastadi, krimu. Mwaka jana nikampikia maandazi ya iliki nikayapanga chini badala ya keki. Hakusema kitu, ila sasa ananitumia ujumbe kuulizia "ile mikate yako". Dada, jaribu maandazi.

Msumari
Nimesoma kuanzia juu na naomba niulize kitu ambacho wote mmekiruka. Huyu Binti Tegeta mwezi wa kumi alifungua uzi akiomba ushauri wa pikipiki ya mkopo, akajiita "kijana wa miaka 27, sijaoa". Uzi bado upo. Leo amekuwa dada mwenye oda ya desati. Halafu ghafla anatokea "Mkulima Lushoto" anayejua stroberi mpaka kikonyo. Hii ni chai, tena imekolea tangawizi. Subirini, kesho mtawekewa namba ya kuagiza stroberi kwa kilo.

Nyumba Kumi
Eeh! Nasogeza kiti mbele.

Mkulima Lushoto
Msumari nikome. Niko humu jukwaani tangu wewe hujui kufungua akaunti. Nimechangia kwenye nyuzi za viazi, kabichi, hata bei ya mbolea. Na sasa hivi sina hata mzigo wa kuuza, mvua imeuozesha.

Msumari
Sijasema una mzigo. Nimesema mna undugu.

Binti Tegeta
Akaunti hii naitumia pamoja na mume wangu. Ya pikipiki aliandika yeye.

Bibi Harusi Mtarajiwa
Mume wako aliyeandika "sijaoa"?

Kishoka
Uzi wa desati umekufa rasmi. Mazishi ni kwa fundi friji.

Ustadh Kijana
Naomba tumsitiri dada wa watu. Ila na mimi nauliza: mwezi wa kumi mlikuwa mmeshaoana?

Binti Tegeta
Aliandika hivyo ili apate mkopo wa vijana, ndoa yetu haiwahusu. Nimeweka picha ya vikombe, angalieni wenyewe kama natunga.

Msumari
Picha nimeiona. Vikombe sita, bamia na mchicha pembeni. Uji mwekundu upo, nakubali. Oda ya 80 haipo pichani.

Mama Keki
Awe binti, awe kijana wa pikipiki, kuna mtu kesho atagugo "jeli haigandi" na kufika hapa, kwa hiyo namalizia.

Kwa Dar, hata ukichemsha nanasi, jelatini siishauri kwa shughuli. Inaanza kulegea kwenye joto la nyuzi 30 na kitu, na ukumbi wenye watu wengi unafika huko bila wasiwasi. Tumia agar, ile ambayo wengi Mombasa na Zanzibar wanaijua kama chaina grasi. Inatokana na mwani, kwa hiyo hata swali la Ustadh linakwisha hapo. Weka gramu 7 hadi 8 za unga kwa lita, ichemshe kwenye maji kidogo dakika mbili au tatu mpaka iyeyuke kabisa, ndipo umimine kwenye juisi ya matunda. Juisi isiwe ya kutoka kwenye friji, kwa sababu agar inaganda ikifika nyuzi 40 kushuka chini na utapata mabonge. Usichemshe agar pamoja na juisi yenyewe, uchachu unaipunguza nguvu. Ikishaganda haiyeyuki tena mpaka nyuzi 85, labda ukumbi uwake moto.

Ila ina kasoro moja: unaimimina ikiwa bado ya moto, kwa hiyo ukiiweka juu ya krimu utaiyeyusha krimu. Geuza mpangilio. Jeli ianze chini, igande, juu yake biskuti, kisha krimu, mwisho kipande cha stroberi. Na biskuti usizijaze siagi, kwenye kikombe hazina haja ya kushikana, zinaliwa kwa kijiko.

Krimu ndiyo ya kuogopa zaidi. Ipige bakuli likiwa limetoka kwenye friza, na vikombe vyako visafiri kwenye kasha la barafu. Kwa joto hili visikae mezani zaidi ya saa moja. Jeli iliyolegea ni aibu, krimu iliyochacha ni hospitali.

Mdau Reading
Na maandazi je?

Binti Tegeta
Mama Mungu akubariki. Nimechemsha nanasi, chaina grasi nimeipata dukani kwa Mhindi. Swali la mwisho: vibandiko vimechorwa jeli nyekundu juu na krimu chini. Nikigeuza mpangilio havitafanana na kikombe. Naweza kubandika vibandiko juu chini?

Mama Keki
Maandishi nayo yatakuwa juu chini.

Binti Tegeta
Nitabandika kwenye mfuniko, hakuna atakayeangalia. Halafu ile jelatini iliyobaki naweza kuichanganya na chaina grasi isipotee bure?

Ustadh Kijana
Dada!

Mama Keki
Hapana. Itupe.

Msumari
Dada, kaka, yeyote uliyepo hapo: pikipiki mlipata?