Nguruwe mwitu anakauka kama kuni, naomba ushauri

Wapishi wenzangu, hamjambo? Naandika kutoka Mikindani, Mombasa. Ndugu Waislamu mniwie radhi, swali langu ni la nguruwe.

Mdogo wangu anaishi Texas, Marekani, ambako nguruwe mwitu wanaharibu mashamba na kuwawinda kunaruhusiwa. Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo hata mimi niliyezeekea jikoni sina uzoefu na nyama hiyo. Friza lake limejaa mapaja, na kila Jumapili ni simu: "Dada, imekuwa ngumu tena!"

Nyama yenyewe haina mafuta kabisa. Nilimwambia aichome tunavyochoma mbuzi, ikakauka. Akapunguza moto, ndani ikabaki nyekundu, nikamkataza kuila. Nguruwe mwitu hubeba minyoo ya trikinela, na kugandisha kwenye friza si kinga ya kutegemea. Lazima katikati ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Juzi akapika paja kwa ndimu, tangawizi na tui la nazi, saa moja na nusu. Ladha anaisifu (mapishi ya mama hayo, yataachaje?), ila nyuzinyuzi zinanasa kwenye meno.

Sasa nisaidieni: paja la kilo mbili, lenye mfupa, likae muda gani kwenye moto mdogo hadi lilainike? Na tui zito alitie tangu mwanzo, au asubiri nyama iive kwanza ili lisikatike?