Mjadala: Bildi za tanki zinafanana kwa sababu ya mabosi, vipaji vinasingiziwa tu

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya Blizzard, ikitoa toleo jipya, kilio ni kilekile: mshambuliaji ana njia tatu nne za kumjenga mhusika wake, yaani bildi, sisi matanki, wabeba ngao, tuna moja, na ukiichezea kidogo unatolewa kwenye kundi. Wengi wanataka Blizzard waongeze vipaji, yaani zile nguvu unazomchagulia mhusika kwenye mti wake. Mimi napinga. Vipaji tulipewa, tukanyang'anywa, tukarudishiwa, na matanki bado wanafanana kama sare za shule.

Kwa wasiocheza: kundi la pango lina watu 5, yaani tanki 1, mponyaji 1 na washambuliaji 3. Reidi, yaani pambano la kundi kubwa, iliyo ngumu kuliko zote, Mythic, ina watu 20, na matanki kwa kawaida ni 2. Kazi ya tanki ni kumfanya bosi, adui mkuu, amng'ang'anie yeye, apokee kipigo, wenzake wapige kwa raha. Mshambuliaji akija na bildi legelege, pambano linarefuka kidogo na wenzake wanambeba. Tanki akija na bildi legelege akafa, bosi anamgeukia mponyaji, na baada ya hapo mnaonana makaburini wote. Hakuna wa kumbeba. Ndiyo maana kiongozi anayemvumilia mage (mchawi mshambuliaji) mwenye mbwembwe hana muda na tanki mwenye mbwembwe.

Haya mambo hayakuanza leo. Gemu ilipotoka 2004, warrior, klasi ya askari wa ngao, alihitaji kufikisha 440 ya Defense, stati ya kujikinga, ili bosi wa reidi asiweze kumshushia kipigo maradufu. Toleo la 2007 ikawa 490, la 2008 ikawa 540. Ulikuwa unavaa gia kwa ajili ya namba hiyo kwanza, mengine baadaye. Uhuru gani hapo?

Mwaka 2008 ikaja klasi mpya, Death Knight, na huyo alikuwa raha: miti yake yote mitatu ya vipaji, Blood, Frost na Unholy, iliweza kuwa tanki. Kwangu ndio wakati pekee ambapo klasi moja ilikuwa na tanki wa aina tatu kweli. Ilidumu toleo moja tu. Ilipofika Cataclysm 2010, tanki akabaki Blood peke yake. Mti ambao ni tanki na mshambuliaji kwa wakati mmoja ni mzigo kuusawazisha, naelewa, lakini tulichopoteza hakijarudi.

2012 miti ya vipaji ikafutwa, tukapewa safu 6 za kuchagua kimoja kati ya vitatu. 2022 miti ikarudi, mikubwa, ina matawi mpaka unachoka kusoma. Sasa angalia vidole vya mchezaji. Warrior anabonyeza Shield Block, druid anabonyeza Ironfur, paladin Shield of the Righteous, demon hunter Demon Spikes. Majina manne, kazi moja: bonyeza kabla hujapigwa, usiiache ikatike. Brewmaster, tanki wa klasi ya monk, yuko tofauti, maana Stagger yake inakichukua kipigo na kukulipisha kwa awamu. Blood, yule Death Knight, naye anakubali apigwe kwanza, kisha anajirudishia uhai kwa Death Strike. Ila hizo ni tofauti za klasi na klasi. Ndani ya klasi moja unachagua rangi ya mpini tu.

Sababu ni kwamba bosi mwenyewe anafanya jambo moja. Anakukata panga la kawaida, anakukata moja kubwa, mwenzako anamvuta, mnabadilishana. Bosi akiuliza swali moja maisha yake yote, mtakuja na majibu mangapi?

Linganisha na zamani. Reidi ya Ahn'Qiraj ya 2006 ilikuwa na Twin Emperors, wafalme pacha. Mmoja wao, Vek'lor, silaha hazimwingii kabisa, anarusha uchawi wa giza, na pacha hao walikuwa wanabadilishana nafasi ghafla. Aliyesimama mbele ya Vek'lor ni warlock, mchawi mshambuliaji, kavaa gia ya kuzuia uchawi huo, anapiga Searing Pain, uchawi wa kumchokoza adui, mfululizo ili asiachwe. Mwaka uliofuata, kwenye pambano la bosi High King Maulgar, kuna mchawi anaitwa Krosh Firehand. Tanki wake alikuwa mage, kwa sababu mage ndiye anayeweza kumwibia ile ngao ya uchawi aliyojivika na kuivaa yeye. Mage, mwenye kanzu! Hakuna mti wa vipaji uliotengeneza matanki hao. Waliumbwa na bosi.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Karibuni mnipinge.

Mponyaji Mchovu

Mkuu, hizo stori za mage tanki ni tamu ukisimulia. Mimi nilikuwepo na naikumbuka upande wa pili. Kundi lilikuwa na mage mmoja tu aliyejikusanyia gia ya uhai, na yeye alikuwa na familia. Siku asipoingia, watu wote tuliobaki tunatazamana, tunarudi kulala. Unaita aina, mimi naita kundi zima kumtegemea mtu mmoja. Na kumponya mage anayepigwa mipira ya moto ile? Ukipiga chafya tu kafa.

Mleta mada

Kero hiyo siikatai. Lakini mlikwama kwa sababu yule alikuwa mage pekee mwenye gia, na gia wakati ule ilikuwa shida kuipata. Siku hizi bildi unabadilisha nje ya pambano bila gharama. Ukimleta bosi wa namna ile leo, nusu ya mage wa kundi watakuwa tayari jioni hiyohiyo.

Rogue Mstaafu

Mleta mada unarukaruka. Season of Discovery, seva maalum za WoW za mwishoni mwa 2023, walimpa warlock, rogue na shaman, ambao kwa kawaida si matanki, uwezo wa kuwa tanki kwa runi tu, yaani nguvu unazoziweka kwenye gia. Kwenye mapango mengi ya mwanzo mabosi walikuwa walewale wa zamani. Kwa hiyo inawezekana bila kugusa bosi. Hoja yako imekufa hapo.

Mleta mada

Haijafa, umeikazia. Chukua warlock na runi ya Metamorphosis: inamwongezea ugumu wa mwili, inampunguzia vipigo maradufu, inampa namna ya kumvuta adui. Huyo ni druid, ambaye hutanki akiwa dubu, ila kaota pembe. Sura mpya, nimefurahi sana kumwona, lakini akisimama mbele ya bosi anafanya kilekile.

Mlinzi wa Tamriel

Mimi natoka Elder Scrolls Online. Kwetu klasi yoyote inaweza kuwa tanki, uhuru upo tele. Matokeo? Ingia pango gumu uhesabu: upanga na ngao, upanga na ngao, kwa sababu ustadi mkuu wa kumvuta bosi umewekwa kwenye upanga na ngao, na mwingine kwenye fimbo ya barafu. Kinga nayo ina dari, kama 33,000 hivi, inakupunguzia nusu ya kipigo. Ukizidisha hapo ni bure, kwa hiyo kila mtu analenga palepale. Nakubaliana na mleta mada, ila naongeza: dari za namba nazo zinaua aina.

Gunbreaker wa Usiku

Sisi wa Final Fantasy XIV mnatuchekesha. Matanki wetu wanne, wa mwisho alikuja 2019, na hakuna mti wowote. Paladin wa levo ya juu ana vitufe vilevile na paladin mwenzake. Utamu tunaupata kwenye pambano lenyewe, kujua kipigo kizito kinakuja lini na kinga ipi uitunze. Bildi siihitaji.

Mleta mada

Gunbreaker, hapo tunasema kitu kimoja kwa midomo miwili. Ila mnabonyeza kwa ratiba. Pambano lenu likishakaririwa, tanki ni mpiga saa.

Pingi Mia Mbili

Wote mmesahau jambo moja. Mimi nachezea seva za Ulaya nikiwa Dar, kwa hiyo pingi yangu, yaani ucheleweshaji wa mtandao, ni kubwa. Kabla ya 2012 tanki alijikinga zaidi kwa stati alizovaa. Tangu hapo kinga ni kubonyeza kwa wakati. Kwangu mstari wa bosi unaonyesha bado anajivuta, kumbe kwenye seva ameshapiga. Nilikuwa warrior miaka yote, nikahamia Brewmaster kwa sababu Stagger inanipa nafasi ya kuchelewa bila kufa. Klasi yangu imechaguliwa na kebo ya baharini. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika, hata Brewmaster hakuniokoa.

Kwa hiyo mimi bildi ya pili naitaka, na isiyo na uhusiano na bosi: nipunguziwe nguvu kidogo, nipewe kinga inayokaa yenyewe. Mwenye pingi 20 abaki na vitufe vyake, atanizidi, sina neno. Mleta mada, bosi yupi atanitatulia hilo?

Mleta mada

Hakuna. Hilo ni la kwenye mti, na ningelipigia kura. Ila weka dau: ile kinga ya kukaa yenyewe ikiwa dhaifu kwa asilimia 5 tu, nani atakualika kwenye Mythic?

Pingi Mia Mbili

Mythic sijawahi kualikwa hata sasa, mkuu. Mimi nataka nimalize pango langu la Jumamosi.